Kolamu za SEC kwa molekuli kubwa: hukumu ya anayeziosha

Wanaoagiza kolamu za SEC, mirija ya kutenganishia molekuli kwa ukubwa, maabara si wanaoziosha. Mimi ni wa kundi la pili. Naziunganisha asubuhi, nazisukumia bafa (maji ya chumvi yenye pH iliyotulizwa), nazipitishia sampuli za kila mtu, na jioni nazifunga zikiwa ndani ya ethanoli. Kwa hiyo tathmini hii haitegemei zile kromatogramu (michoro ya vilele inayotolewa na kigunduzi) nzuri za kwenye katalogi, ambazo daima hupigwa kwa kolamu mpya na protini safi. Inategemea kolamu ikishakaa kwenye kazi, ikiwa imepitishiwa kingamwili za mmoja zilizosafishwa vizuri na tope la virusi la mwingine.

Hukumu naitoa mapema. Kwa molekuli kubwa, angalia kwanza upana wa vitundu vya punje zilizojazwa ndani, kisha uliza ni kiasi gani cha sampuli kinachotoka upande wa pili. Udogo wa punje, kasi, urefu na jina la kampuni vinafuata nyuma. Wengi hufanya kinyume: huanza na punje ndogo kwa sababu zinatoa vilele vyembamba, na vilele vyembamba hupendeza kwenye ripoti.

Kwa asiyeizoea kazi hii, kromatografia ya kutenganisha kwa ukubwa, yaani SEC, haina ujanja mwingi. Kolamu imejazwa punje zenye vitundu. Molekuli ndogo huingia kila kichochoro na kuchelewa. Kubwa hubaki barabara kuu na kufika kwanza. Jerker Porath na Per Flodin wa Uppsala, Uswidi, waliionyesha mwaka 1959 kwa jeli ya dekstrani iliyouzwa kwa jina la Sephadex, na mwaka 1964 John Moore wa Dow Chemical akaitumia kwa polima zinazoyeyuka katika viyeyushi vya kikaboni. Kanuni yao ndiyo tunayoitumia mpaka leo: kitu pekee kinachotakiwa kutenganisha ni ukubwa, na kolamu haitakiwi kushikana na sampuli hata kidogo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Katika aina nyingine za kromatografia unaweza kubadilisha chumvi au kiyeyushi taratibu na kuvuta vilele vitengane. Hapa huwezi. Kila kitu lazima kitoke ndani ya ujazo mmoja wa kolamu. Chukua kolamu ya kawaida ya mililita 24, yenye kipenyo cha milimita 10 na urefu wa sentimita 30: molekuli zilizokataliwa na vitundu hutoka kwenye mililita ya 8 hivi, na chumvi hutoka karibu na ya 20. Una mililita 12 za kutenganisha ulimwengu mzima. Ukichagua vitundu visivyofaa, sehemu kubwa ya hizo 12 inapotea bure, na hakuna mpangilio wa pampu utakaozirudisha.

Sasa tatizo la kilodaltoni, kizio cha uzito wa molekuli. Katalogi huandika kwamba kolamu fulani inatenganisha kuanzia kilodaltoni 10 hadi 600, na mtu anasoma, anatazama uzito wa protini yake, anaagiza. Lakini kolamu haipimi uzito. Inapima umbo likiwa majini, yaani nusu kipenyo cha molekuli inavyojizungusha kwenye bafa, na namba za katalogi zimepangwa kwa protini za mviringo. Mfano ninaopenda kuwapa wanafunzi ni fibrinojeni. Ina kilodaltoni 340 tu. Feritini ina 440 na thairoglobulini 670. Ungetegemea fibrinojeni itoke ya mwisho katika hao watatu. Hutoka ya kwanza. Ni ndefu kama fimbo, nusu kipenyo chake kinafika nanomita 10.7, wakati thairoglobulini ina 8.5 na feritini, iliyo duara kamili, ina 6.1 tu. Protini zisizokunjika, zile zilizobebeshwa PEG (mnyororo wa polima) na zenye sukari nyingi nazo hutangulia namna hiyohiyo. Asidi nukleiki ndizo zimevuka mipaka kabisa: mRNA ya nyukleotidi 4,000 ina takriban megadaltoni 1.3, ila kwa nafasi inayochukua majini huwezi kuiweka kundi moja na protini ya uzito huo.

Kwa hiyo mimi huuliza nanomita. Kipenyo cha kitundu kikiwa mara mbili hadi tatu ya kipenyo cha molekuli yako, upo mahali pazuri. Kingamwili ya IgG ina kipenyo cha nanomita 10 au 11, ndiyo maana kolamu zake zina vitundu vya angstromu 200 hadi 300 (gawa kwa 10 upate nanomita). Ukienda kwenye 1,000 kwa IgG eti ili uone na mabonge makubwa (protini nyingi zilizoshikana), IgG na pacha wake (IgG mbili zilizoshikana) watatoka wamekumbatiana na hutaona lolote la maana.

Nianze na jeli za agarosi, kwa sababu ndizo zinazoniacha nilale kwa amani. Superdex 200 Increase ya mililita 24 ni punje za maikromita 8.6 za agarosi iliyofumwa na dekstrani, na masafa yake kwa protini za mviringo ni hizo kilodaltoni 10 hadi 600. Kwa kusafisha protini moja kabla ya kuipeleka kwenye hadubini au fuwele, sijaona inayoizidi kwa uvumilivu. Inakubali pH 3 hadi 12 kazini, na ikichafuka unaipitishia hidroksidi ya sodiamu ya 0.5 M (moli 0.5 kwa lita), jambo ambalo ukilifanya kwa kolamu ya silika, yenye punje za aina ya kioo, umeizika. Protini hazishikani nayo sana mradi bafa ina chumvi ya 150 mM hivi. Kinachohitaji adabu ni presha. Jeli hii ni laini, na mtu akiwasha pampu kwa kasi ya maji wakati kolamu bado ina ethanoli ya asilimia 20, iliyo nzito kutiririka kuliko maji, punje hujibana na juu hutokea ufa. Punguza kasi iwe nusu mpaka ethanoli yote itoke. Kwenye chumba cha baridi punguza pia.

Superose 6 Increase ni ndugu yake mwenye vitundu vipana: kilodaltoni 5 hadi 5,000. Wageni huipenda kwa sababu ya upana huo, wakidhani masafa mapana ni ubora. Mililita ni zilezile 12. Ukizitawanya juu ya masafa makubwa, kila kipande kinapata mililita chache, na protini mbili zinazokaribiana zinatengana vibaya kuliko kwenye Superdex. Mimi huitoa kwenye jokofu kwa ajili ya vitu ambavyo Superdex 200 inavikataa: IgM (kingamwili kubwa), ribosomu, mashine kubwa za protini nyingi. IgM ina karibu kilodaltoni 950, na ukiipitisha kwenye Superdex 200 itatoka kwenye ujazo mtupu, yaani mahali pa vyote vilivyokataliwa na vitundu, pamoja na kila bonge na kila takataka, kilele kimoja kirefu kinachong'aa na kisichosema chochote. Kilele cha ujazo mtupu, kwenye kolamu yoyote, maana yake ni kwamba kolamu imekataa kutoa maoni.

Ubaya wa jeli hizi ni mwendo. Kasi inayopendekezwa kwa Superdex hiyo ni mililita 0.75 kwa dakika na kwa Superose ni 0.5, kwa hiyo sampuli moja inachukua nusu saa hadi saa nzima. Kwa kusafisha si neno. Kwa kuhesabu asilimia ya mabonge kwenye sampuli sabini, hapana.

Hapo silika inaingia. Punje za silika zilizofunikwa kwa dioli ni ngumu, hazibonyei, na zinatengenezwa kwa usahihi wa vitundu unaonivutia. TSKgel G3000SWXL, yenye punje za maikromita 5, vitundu vya angstromu 250 na kipimo cha milimita 7.8 kwa 300, ndiyo ambayo maabara nyingi za kingamwili zimejengea mbinu zao, na sababu si mazoea tu. Ukiitunza inatoa namba zilezile leo na baada ya muda mrefu, na IgG na pacha wake hutengana mpaka chini. Nikipewa sampuli ya kingamwili na kuulizwa ina mabonge asilimia ngapi, hiyo ndiyo ninayoifikia kwanza.

Lakini silika ina tabia. Juu ya pH 7.5 huanza kuyeyuka, polepole, bila kukuambia, mpaka siku moja kilele kinakuwa na mabega mawili. Na chini ya kile kifuniko cha dioli hubaki vikundi vya silanoli vyenye chaji hasi ambavyo hushika protini zenye chaji chanya. Protini ikishikwa inachelewa, mkia unarefuka, na asiyejua anaandika kwamba protini ni ndogo kuliko ilivyo. Dawa ni chumvi: fosfati kwenye pH 6.8 pamoja na kloridi au sulfati ya sodiamu ya 100 hadi 300 mM. Usizidishe, maana chumvi nyingi, hasa sulfati, huzisukuma protini zenye sehemu za mafuta zijibane kwenye punje, ukawa umefukuza tatizo moja na kualika lingine. Protini ikiwa sugu, arginini ya 0.2 M husaidia kuliko kucheza na chumvi mchana kutwa.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha kuhusu kolamu mpya za silika ni kwamba hunasa protini za kwanza kupita. Na zinazonaswa kwa wingi zaidi ni mabonge makubwa, yaani kitu chenyewe ulichonunulia kolamu. Kromatogramu za siku ya kwanza huonyesha sampuli safi ajabu, kila mtu anafurahi, kisha wiki inayofuata mabonge "yanaongezeka". Hayajaongezeka. Ishibishe kwanza kolamu kwa sindano kadhaa za albumini ya ng'ombe, au za sampuli yako mwenyewe kama unayo ya kutosha, mpaka eneo chini ya kilele liache kupanda.

Ndiyo maana nasisitiza swali la pili, la kiasi kinachotoka. Jaribio lake ni jepesi mno hata sielewi kwa nini watu hawalifanyi: toa kolamu, unganisha mrija kwa mrija, piga sindano, pima eneo la kilele. Rudisha kolamu, piga sindano ileile, jumlisha maeneo ya vilele vyote. Ikiwa robo ya sampuli imepotelea ndani, asilimia zako za mabonge ni hadithi. Kolamu inayomeza mabonge hutoa kromatogramu nzuri kuliko inayoyaachia, na kwa molekuli kubwa hilo si jambo la nadra. Niliwahi kumwomba msambazaji mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, anipe takwimu za urejeshaji kwa kitu chochote kizito kuliko thairoglobulini. Alinitumia brosha yenye picha ya punje.

Punje ndogo sasa. Kolamu za aina ya Waters BEH200, zenye maikromita 1.7, au AdvanceBio SEC ya Agilent yenye 2.7 na vitundu vya 300, zimebadilisha kazi za kingamwili kweli. Dakika chache na umemaliza sampuli, vilele vyembamba kama sindano. Nikiwa na foleni ya sampuli za IgG nazitumia bila kinyongo. Ila zina masharti mawili. Kwanza, kolamu ya milimita 4.6 kwa 150 ina ujazo wa mililita 2.5 tu, na ukiifunga kwenye mashine ya kawaida ya HPLC (kromatografia ya kimiminika ya presha kubwa) yenye mirija mipana na seli kubwa ya kigunduzi, ule wembamba wote unaharibikia njiani kabla ya kuuona. Mashine iwe ya UHPLC (ya presha kubwa zaidi), mirija iwe mifupi na myembamba, ama sivyo baki na milimita 7.8. Pili, molekuli kubwa husambaa polepole. Inahitaji muda wa kuingia na kutoka kwenye vitundu, na ukiongeza kasi kilele chake ndicho kinachotanuka kwanza. Tena presha kubwa, joto la msuguano na nguvu za kukwaruza ndani ya punje ndogo vinaweza kuvunja mabonge dhaifu au kuzaa mengine. Kila kitu kinapokuwa juu ya megadaltoni moja, mimi hurudi kwenye punje za maikromita 5 na kupunguza kasi. Na DNA ndefu sithubutu hata kuipeleka kwenye punje ndogo.

Vitundu vipana ndiyo sehemu inayonipa kazi zaidi siku hizi, kwa sababu kila mtu anataka kupima virusi, mRNA na matone ya mafuta. Agilent Bio SEC-5 ni mfano mzuri kwa kuwa punje ni zilezile za maikromita 5 huku vitundu vikipatikana kutoka angstromu 100, 150, 300, 500, 1,000 hadi 2,000. Unaweza kulinganisha upana peke yake bila kubadilisha kitu kingine. Kwa AAV, kirusi chenye kipenyo cha nanomita 25, angstromu 450 au 500 zinatosha kuonyesha kirusi kimoja kimoja vizuri na mabonge yakiwa mbele yake. Usitegemee SEC ikutenganishie magamba ya kirusi yaliyo matupu na yaliyojaa DNA: kwa nje yanalingana, na kolamu inaona nje tu. Hilo ni la kromatografia ya chaji au la mashinepewa (sentrifuji), na kila mwezi kuna anayekuja kuniomba muujiza huo.

mRNA nampeleka 1,000 moja kwa moja, 2,000 ikiwa ni ndefu sana. Kwa bahati RNA na silika zote zina chaji hasi, kwa hiyo hazishikani sana, lakini RNA hujikunja na kushikana yenyewe kwa yenyewe kulingana na chumvi, magnesiamu na joto, na kilele cha mbele kinaweza kuwa mashada yanayofumuka ukiipasha moto kidogo. Matone ya mafuta yanayobeba RNA, ya nanomita 80 hadi 100, ni makubwa karibu sawa na vitundu vya 1,000; hayo hutoka kwenye ujazo mtupu, na mafuta hupenda kuganda kwenye kichujio cha mlangoni. Kwa haya mimi si shabiki wa SEC yoyote. Adenovirusi, wenye nanomita 90, vilevile.

Na hapa kipimo cha ujazo mtupu kinadanganya. Wengi hutumia dekstrani ya bluu ya kilodaltoni 2,000. Kwenye vitundu vya 300 inakataliwa kama inavyotakiwa, lakini kwenye 1,000 na 2,000 inaingia ndani, na ukiitumia utahesabu vibaya kila kinachofuata. Tafuta kitu kikubwa kweli, mathalani DNA ndefu.

Ukiweza, weka kigunduzi cha mtawanyiko wa mwanga baada ya kolamu. Kinatoa uzito wenyewe bila kutegemea umbo, na ugomvi wa fibrinojeni unaisha. Hapo jeli na silika hutofautiana kwa jambo jingine: kolamu inayomwaga vumbi la punje hutoa kelele kubwa kwenye mwanga hata pale ambapo kigunduzi cha UV hakioni kitu. Sukuma bafa usiku kucha kabla ya kupima.

Urefu na unene nitavipita haraka. Kuongeza urefu maradufu huongeza utengano mara 1.4 tu na huchukua muda maradufu. Kolamu mbili mfululizo nazitumia pale tu ambapo moja imekaribia kufaulu. Sampuli isizidi asilimia 1 au 2 ya ujazo wa kolamu kwa kupima. Kwa kusafisha, mililita 5 kwenye kolamu ya 120 ndiyo mwisho. Kila sampuli ichujwe au izungushwe kwa mashinepewa kwanza. Silika ikichafuka, sulfati ya sodiamu ya 0.5 M kwenye pH karibu na 3 hung'oa mengi, na asetonitrili kidogo majini hung'oa mafuta.

Nikiambiwa niagize moja tu kwa maabara inayosafisha protini za kila namna, nachukua Superdex 200 Increase. Kwa maabara inayohesabu mabonge ya kingamwili kwenye mashine ya kawaida, silika ya maikromita 5 yenye vitundu vya 250 au 300. Kwa virusi na RNA, moja ya 500 na moja ya 1,000, maana hakuna upana mmoja unaowafaa wote wawili, hata msambazaji akiapa. Na yoyote utakayochagua, agiza kolamu kinga yake siku hiyohiyo, kisha siku inapofika piga sindano ya protini za kipimo na uandike daftarini presha, muda wa kila kilele na idadi ya sahani za nadharia, yaani kipimo cha ufanisi wa kolamu. Bila namba hizo, mtu akija baadaye kudai kolamu imekufa hakuna wa kumthibitishia wala wa kumpinga.